Kompyuta za Shule Zinazokwenda Polepole, na Namna ya Kuzitibu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapwa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwapo, na kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimepewa nusu saa kusema habari za kompyuta, nami nitajitahidi isizidi, maana naona upande wa jikoni moshi umekwisha kupungua, na ndizi hazipendi kungoja.

Miongoni mwa hoja za mchana wa leo ipo hoja ya kuchota fedha za mfuko wetu ili tuinunulie shule kompyuta mpya 8. Sababu iliyotolewa ni kwamba zilizopo zinakwenda polepole mno, hata wanafunzi wamezibandika jina la konokono. Sikuja kuipinga hoja hiyo kabla haijaletwa. Nimekuja kueleza nilichokikuta ndani ya hizo konokono, ili tutakapoinua mikono tujue tunainulia nini. Juma lililopita, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, nilifunga duka langu la ufundi pale Omurushaka nikakaa siku tatu katika chumba cha kompyuta pamoja na vijana sita wa Kidato cha Tatu. Tulifungua kila kompyuta, moja baada ya moja.

Kompyuta zilizopo ni 22. Tulipoziwasha zote, 19 ziliwaka na 3 zilinyamaza. Kijana mmoja alishika saa ya mkononi, akaandika muda tangu kubonyeza kitufe hadi kompyuta ikubali kufungua ukurasa wa kuandikia. Iliyokuwa hodari kupita zote ilichukua dakika 4. Namba 7 ilichukua dakika 9 kasoro kidogo. Ndugu zangu, kipindi ni dakika 40, na wanafunzi huketi watatu kwa kompyuta moja. Pigeni hesabu wenyewe yule wa zamu ya tatu anapata nini. Na huyo huyo ndiye atakayeingia katika mtihani wa vitendo wa Baraza la Mitihani, akae mbele ya kompyuta peke yake, saa inakwenda.

Sasa niseme kwa nini kompyuta huwa nzito. Chukueni mfano wa chama cha msingi wakati wa kupima kahawa. Kuna karani, kuna meza yake, na nyuma kuna ghala lenye makabati ya vitabu vya wakulima. Karani ndiye prosesa. Meza ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Kila kitu unachokitumia sasa hivi hapana budi kiwe juu ya meza hiyo. Kabati la ghalani ndiyo diski, mahali ambapo faili zote hulala hata umeme ukikatika. Foleni ikiwa ndefu watu hunung'unika kwamba karani ni mvivu, aondolewe aletwe mwingine. Lakini mtazameni vizuri: karani amekaa, kalamu mkononi, anangoja kitabu kiletwe. Meza yake ni ndogo, imejaa, na kila afikapo mkulima mpya lazima kitabu kimoja kirudishwe ghalani ndipo kingine kipate nafasi. Anayetoka jasho ni mbeba vitabu.

Jambo hili mnaweza kuliona kwa macho. Katika kompyuta yenye Windows bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hufunguka ukurasa unaoonyesha kwa asilimia kazi inayofanywa na prosesa, na RAM, na diski. Katika kompyuta zetu karibu zote prosesa ilikuwa asilimia 10 au 15, yaani karani anapiga miayo. Lakini diski ilikuwa asilimia 100 kwa dakika nzima nzima. Basi ukimbadilisha karani hapo utakuwa umefanya nini?

Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, na juu yake kuna mkono mdogo unaokwenda na kurudi ukitafuta mahali palipoandikwa. Diski za kompyuta za mezani aghalabu huzunguka mara 7200 kwa dakika, na za kompyuta za kubeba mara 5400. Mara 7200 kwa dakika yaonekana kasi kubwa, lakini maana yake ni kwamba mzunguko mmoja huchukua zaidi kidogo ya sehemu 8 za elfu za sekunde. Ongeza na safari ya ule mkono, utaona kwamba diski hiyo haiwezi kuchukua vipande vilivyotawanyika zaidi ya mara mia moja hivi kwa sekunde. Kompyuta inapowaka hutaka vipande maelfu kwa maelfu. Ipo diski ya namna nyingine, isiyo na kitu kinachozunguka, ambayo mafundi huiita SSD. Hiyo huchukua vipande makumi ya maelfu kwa sekunde, kwa kuwa hakuna mkono wa kusafiri.

Nilikuja na SSD moja ya GB 240. Tuliinakili diski ya namba 7 yote kama ilivyokuwa, bila kupoteza hata barua moja ya mwalimu, tukaifunga SSD mahali pake. Prosesa ile ile, RAM ile ile, kioo kile kile chenye mkwaruzo. Yule kijana wa saa akahesabu: sekunde 34. Alidhani saa yake imesimama, akaomba tuzime tuwashe tena.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya nanyi vijana, mkaenda kuwaambia wazazi wenu wanunue SSD kabla hamjafanya yale yasiyo na gharama. Nianze na vumbi, maana hapa kwetu vumbi ndilo jirani wa kwanza.

Mnaijua nchi yetu ya Karagwe na Kyerwa wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Udongo mwekundu huingia hata ndani ya sanduku la nguo lililofungwa. Chumba chetu cha kompyuta madirisha yake yametazama kiwanja cha mpira. Tulipofungua namba 12 tulikuta vumbi limelala juu ya feni kama blanketi la bweni, na chini yake mjusi kafiri aliyekauka siku nyingi. Namba 18 ilikuwa na kiota cha nyigu cha udongo katika matundu ya nyuma, kimejengwa kwa ufundi ambao nilisikitika kuuvunja. Vijana walicheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Prosesa ikifanya kazi hutoa joto, na feni huliondoa joto hilo. Feni ikizibwa, joto hupanda. Na prosesa za siku hizi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Yaani kompyuta inayowaka vizuri asubuhi na kuwa nzito saa sita mchana haina uchawi. Ina joto.

Namna ya kusafisha ni hii. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki umalizike. Itoe nje, usiisafishe ndani ya chumba ukawatupia wenzako vumbi. Gusa chuma cha sanduku lake kwanza, ili umeme wa mwilini mwako utoke hapo usije ukatokea kwenye kifaa. Chukua brashi laini ya rangi, mpya na kavu, ukokote vumbi taratibu kutoka juu kwenda chini. Feni uizuie kwa kijiti isizunguke unapoipuliza kwa pampu au blowa, kwa sababu ikizungushwa kwa nguvu huharibika. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji. Usitumie kitambaa kibichi. Na lile boksi la chuma ambamo waya wa ukutani huingia msilifungue asilani, hata kama limejaa mende, kwa sababu ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa. Hilo mwachieni fundi.

Kati ya prosesa na kipande cha chuma kinachopokea joto lake hupakwa dawa nyeupe au ya kijivu. Ikikauka ikawa kama chokaa haipitishi joto, inafaa ifutwe ipakwe mpya. Nimeletewa dukani kompyuta zilizopakwa dawa ya meno mahali hapo. Dawa ya meno hukauka kwa siku chache, na nyingine hula chuma. Pigieni meno mswaki.

Zile tatu zilizonyamaza? Mbili kati yake hazikuwa na ugonjwa wowote ila uchafu kwenye meno ya RAM. Tulizichomoa, tukasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa kawaida wa penseli, tukapangusa, tukarudisha, zikawaka. Zilikuwa zimeandikwa katika daftari la shule kwamba zimekufa. Ya tatu imekufa kweli, na tumeichukua vipuri.

Sasa kuhusu yaliyo ndani ya programu zenyewe. Kila programu unayoiingiza hupenda kujiandikisha iwe inaamka pamoja na kompyuta, hata kama utaitumia mara moja kwa muhula. Katika ule ule ukurasa wa Ctrl, Shift na Esc ipo sehemu inayoorodhesha zinazoamka mapema. Namba 4 ilikuwa nazo 17. Zimeni zile mnazozijua kwamba si za lazima: za kupiga muziki, za kuzungumza, za kusukuma matoleo mapya ya mashine za kuchapia ambazo shule haina. Kuzima hapo hakufuti kitu, kwa hiyo ukikosea unawasha tena. Namba 4 ilikuwa na programu mbili za kupambana na virusi pia, zikikaguana usiku na mchana kama mbwa wawili wa mlinzi wanaobwekeana huku mwizi anapita. Windows 10 ina mlinzi wake ndani. Inatosha kubaki naye, au kumweka mwingine mmoja, si wawili.

Diski iliyojaa pomoni nayo hutaabika. Katika namba 11 tulikuta filamu 63. Sitaja majina ya wenyewe, ingawa nawaona wengine wameinamisha vichwa.

Niongee kidogo juu ya flashi, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wengi hulia. Mmekwenda steshenari ya mjini, Kayanga au Nkwenda, mkachapisha kazi. Mkirudi mnafungua flashi mnakuta mafolda yenu yote yamegeuka kuwa njia za mkato, kila moja na mshale mdogo pembeni, na ukibonyeza hakuna kinachofunguka, au kinafunguka na kitu kingine nyuma yake. Wengi hudhani kazi yao imefutika, wakafomati flashi, na hapo ndipo inapofutika kweli! Mara nyingi faili bado zimo. Kirusi amezificha tu, akaweka mtego wa jina lile lile, ili ukibonyeza umkaribishe katika kompyuta. Safisheni kompyuta kwanza kwa mlinzi wake. Kisha fungueni ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, na ikiwa flashi yenu imepewa herufi E, andikeni attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na kubonyeza Enter. Mafolda yatatokea tena yalivyokuwa. Ile mishale muifute. Kirusi huyu akikaa ndani ya kompyuta hujinakili katika kila flashi inayochomekwa, na kazi hiyo pia ni mzigo kwa yule mbeba vitabu wetu. Kompyuta 13 kati ya zetu zilikuwa naye.

Hapa nina ugomvi na mafundi wenzangu wa mjini. Ukiwapelekea kompyuta nzito, wengi hawaulizi wala hawapimi; jibu ni moja: "Ipigwe windo." Maana yake wafute kila kitu waweke Windows upya. Sikatai, zipo siku ambapo hakuna njia nyingine. Lakini kupiga windo upya juu ya diski inayokufa ni kupaka rangi nyumba inayobomoka, na baada ya mwezi mteja anarudi. Lililo baya zaidi ni vitu vya watu. Mwalimu mmoja wa wilaya yetu aliniletea kompyuta iliyokwisha "kupigwa windo" mahali pengine bila kuulizwa. Alama za mitihani za miaka mitatu zilikuwa humo, hazikunakiliwa popote. Nilifanikiwa kumpatia chini ya nusu. Basi kabla ya kumkabidhi fundi yeyote kompyuta, mimi nikiwamo, nakilini vitu vyenu. Na mkisikia diski inagonga tik-tik-tik, msiwashe tena na tena kujaribu bahati, mleteni mtu anakili haraka.

Vivyo hivyo na programu za kuongeza kasi zinazojitangaza katika intaneti kwa rangi nyekundu kwamba kompyuta yako ina makosa 1,400. Microsoft wenyewe wamesema kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejista ya Windows. Na hata iliyo na sifa njema yaweza kuwa mlango wa mwizi: mwaka 2017 wahalifu walipenyeza virusi ndani ya toleo halali la CCleaner, programu ya usafi iliyokuwa mashuhuri duniani, na likawafikia watu zaidi ya milioni 2 kabla halijagunduliwa. Usafi unaohitajika upo ndani ya Windows kwa bure.

Ndugu Mwenyekiti, kuna uzito mwingine ambao si uzito, na ningependa wazazi waliopo wausikilize. Mwaka jana alinijia kijana aliyemaliza hapa, nyumbani kwao ni Murongo, kule mpakani Kyerwa. Alikuwa anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa ajili ya chuo kikuu, na maombi hayo, kama mjuavyo, hufanywa kwa intaneti. Alikuwa amekaa siku tatu katika steshenari moja, akilipia kila saa, na kompyuta ile ilikuwa inagoma kufungua ukurasa. Aliambiwa mtandao ni mzito. Siku za mwisho wa maombi zilikuwa zinakaribia, nauli ya kurudi nyumbani alikuwa ameimaliza. Nilikwenda naye nikaitazama. Mtandao ulikuwa mzima. Kwenye pembe ya kioo tarehe ilisomeka Januari 2009.

Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo kama sarafu, iitwayo CR2032, inayoshika saa umeme usipokuwapo. Ikiisha, kompyuta kila ikiwashwa hurudi tarehe ya zamani. Na kurasa za siku hizi zenye ulinzi huja na hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta iliyo mwaka 2009 huitazama hati ya mwaka huu ikaona bado haijaanza kutumika, basi inakataa. Tulisahihisha tarehe, ukurasa ukafunguka papo hapo. Betri yenyewe huuzwa hata kwenye maduka ya saa. Nasikia kijana huyo yuko mwaka wa kwanza sasa. Katika kompyuta zetu za shule, 9 zilikuwa na betri iliyokwisha, na ni hizo hizo ambazo Kidato cha Nne hutegemea kujaza fomu zao za kuchagua tahasusi.

Juu ya umeme nitasema machache. Mkoa wetu kwa miaka mingi ulitegemea umeme uliotoka Uganda, na wote mnakumbuka ulivyokuwa ukija na kwenda. Hata sasa, kukatika kwa ghafla wakati diski inaandika huiumiza. Wanafunzi wazime kompyuta kwa njia yake badala ya kuchomoa waya kengele inapolia, na stabilaiza zile mbili zilizoharibika zitengenezwe.

Nakuja kwenye Windows yenyewe. Microsoft walikoma kuitolea Windows 10 marekebisho ya usalama ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Za kwetu ni za kizazi cha 4. Hivyo mtu atatuambia: basi ni za kutupa. La. Upo mfumo wa Linux, ambao ni wa bure na huendelea kupata marekebisho, na yako matoleo yake mepesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta kama hizi. Mojawapo ni Lubuntu. Huyo ni mdogo wake Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno ambalo Mnyambo hahitaji kutafsiriwa. Mwaka huo huo wa 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu.

Hata hivyo Mwalimu wa somo ameniambia kwamba anafundishia programu za Microsoft, na wanafunzi wamezizoea. Ana haki. Pendekezo langu ni kwamba kompyuta 9 zibaki na Windows 10 kwa mafunzo hayo, zikatwe kabisa kutoka intaneti, na flashi zikaguliwe mlangoni. Na 12 zitiwe Lubuntu, hizo ndizo zitumike kwa intaneti, kusoma na kujaza maombi. Zile sita zenye RAM ya GB 2 ziongezwe hadi GB 4 angalau, maana ukurasa mmoja tu wa intaneti siku hizi hula meza yote.

Waitu wazee, wengine wenu mlisoma mkoa huu ukiitwa Ziwa Magharibi, na Kyerwa ilikuwa bado Karagwe hadi mwaka 2012. Mtakumbuka pia kwamba kompyuta haikuingia nchini jana. Serikali yetu ilifunga ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Fedha nyingi zilikuwa zimetumika, hesabu zimevurugika, na wataalamu wa kuzishika mashine hawakutosha. Naitaja habari hiyo kwa sababu katika daftari la shule nimeona orodha ya kompyuta tulizozileta sisi wenyewe, kwa miaka tofauti, kwa picha na kwa hotuba. Na katika daftari lote hakuna mstari mmoja wa fedha za brashi, wala betri, wala mtu wa kuzitazama. Hizo mpya 8, kama zina SSD ndani, zitakuwa na kasi nzuri mwaka wa kwanza. Vumbi la kiwanja cha mpira halitajua kwamba ni mpya.

Hesabu niliyoandika, kwa bei nilizopewa na wauzaji wawili, nimempa Mweka Hazina. SSD 20 kwa kompyuta zilizobaki, RAM za zile sita, betri 9, dawa ya prosesa, brashi, blowa moja, na matengenezo ya stabilaiza: jumla yake haifiki theluthi ya fedha za kompyuta mpya 8. Kazi ya kuzifunga nitaifanya mimi bila malipo wakati wa likizo, kwa sharti moja, kwamba vijana wale sita wawe nami na waongezwe wengine sita wa Kidato cha Pili, ili kazi isihamie Omurushaka kila kompyuta inapokohoa. Sehemu ya fedha itakayobaki naomba iwekwe kwa matunzo, itolewe kila muhula kwa saini ya Mwalimu Mkuu na ya mmoja wetu. Mkiona bado zatosha kununua mpya mbili kwa ajili ya ofisi ya mitihani, sitakuwa na neno.

Namba 7 iko mezani karibu na mlango, na namba 8 pembeni yake hatukuigusa, kwa makusudi. Wanachama mnaweza kuziwasha zote mbili kwa pamoja kabla ya kikao cha mchana. Chumba kitakuwa wazi hadi saa nane, na kijana mwenye saa atakuwapo.